Msiukate matawi mti uliohamishwa

Ndugu mwandishi, hapo kwenye makala yako unaposhauri mtu akate nusu ya matawi baada ya kuhamisha mjakaranda, mimi siafiki kabisa. Mti ukishang'olewa, mizizi mingi myembamba inayofyonza maji hubaki kwenye shimo la zamani. Majani ndiyo yanayoutengenezea chakula cha kuotesha mizizi mipya. Ondoeni matawi yaliyovunjika au kukauka, basi.

Huku kwetu Kibua mvua ni nyingi, na penye udongo mzito mti huweza kufa kwa maji kuzidi. Dalili zinafanana na za kiu: majani yananyauka, yanakuwa manjano, watu wanaongeza bidoni nyingine, na hapo ndipo wanaumaliza. Chimbueni kidogo pembeni kwa mkono. Udongo ukinata kama ugali na kunuka uozo, acheni kumwagilia, mchimbe mfereji. Goma ni kinyume: juu ya mawe ya lava ya mlipuko wa volkano wa 2002 maji hupenya mara moja, kule lazima kumwagilia mara kwa mara.

Halafu shina lisizikwe! Pale mizizi inapoanza kutanuka paonekane. Tandazeni majani makavu ya migomba, yasiguse shina. Mbolea ya dukani isubiri machipukizi. Na mti ukipukutisha majani yote, kwaruzeni gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, bado u hai. Msiung'oe kabla mvua za Machi hazijapita.