Makofi Si Mapenzi

Miongoni mwa vijana wetu wako wanaotamani kupata jina kwa kuchekesha watu. Hatusemi kwamba kicheko ni dhambi, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha na Masahaba zake, wala hakusema ila la kweli. Tunalotaka kulionyesha ni jambo jingine, nalo tutalieleza kwa habari za mtu mmoja wa Misri.

Ismail Yasin alizaliwa Suez mwaka 1912. Baba yake alikuwa sonara. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Ujanani hakukusudia kuwa mchekeshaji, bali mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, mfano wa Muhammad Abdul-Wahhab. Akaenda Cairo na tamaa hiyo, akaonja dhiki. Watu walipoutazama uso wake, na hasa kile kinywa kipana, wakacheka. Basi kilichomnyima uimbaji ndicho alichokifanya mtaji. Akaingia katika kundi la Badia Masabni, akaimba nyimbo za mzaha, na mwaka 1939 akaanza kuonekana katika senema.

Jina halikuja upesi. Mwaka 1954 aliunda kundi lake la michezo ya kuigiza pamoja na mwandishi Abu al-Su'ud al-Ibyari. Kuanzia mwaka 1955 zikafuatana senema zilizobeba jina lake mwenyewe: Ismail Yasin jeshini, kisha katika polisi, kisha katika jeshi la majini. Ni wachekeshaji wachache mno waliopata heshima kama hiyo.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Katika miaka ya 1960 kazi zilipungua, maradhi yakamwingia, deni la kodi likamwandama, na mwaka 1966 kundi lake likavunjika. Akaenda Lebanon kutafuta riziki katika senema ndogo ndogo. Kisha akarejea kwao, kwenye nyimbo zile zile za mzaha alizoanzia. Alifariki Mei 1972.

Je, waliokuwa wakijaza viti walikwenda wapi? Sisi hatuwalaumu. Walinunua kicheko, wakakilipia mlangoni, wakarudi majumbani kwao. Hawakumwahidi zaidi ya hayo. Anayekosea ni yule asikiaye makofi akadhani anapendwa. Akupendaye ni yule abakiaye nawe taa za jukwaa zikiisha kuzimwa. Ismail naye alijaaliwa mwana mmoja, Yasin, ambaye baadaye alikuwa mwongozaji wa senema. Jina la baba likabaki kazini.

Basi enyi vijana, mwenye kipawa na akitumie kwa adabu, aweke akiba siku za neema, wala asiwabadilishe watu wa nyumbani kwake kwa kelele za ukumbi. Nanyi wazazi, mtoto awachekeshaye kila jioni, msingoje mpaka afanye mzaha ndipo mmtazame. Siku anyamazapo, mkalisheni karibu, mmwulize ana nini. Asiyepata mapenzi nyumbani huenda kuyatafuta kwa wageni, na wageni hawana ila makofi.