Naibu gavana apewe kazi kwa maandishi

Mpigakura wa Kisii au Nyamira hupewa karatasi moja ya buluu kwa viti viwili. Akimchagua gavana, naibu wake hupita kwa alama hiyohiyo. Kifungu cha 180 cha Katiba ya Kenya kinaiagiza tume ya uchaguzi imtangaze bila kura nyingine. Wanasiasa wa Gusii, yaani wa kaunti hizi mbili, wameupenda sana mpango huu. Koo na maeneobunge huhesabiwa kabla ya sera, na gavana akitoka upande mmoja, mgombea mwenza sharti atoke upande wenye kura anazozikosa. Baada ya kiapo hesabu huwa imekwisha. Aliyeletwa kwa ajili ya kura hubaki na ofisi, dereva na walinzi, na mara nyingi hungoja kuambiwa leo afanye nini.

Wa kwanza kulaumiwa ni sheria yenyewe. Sehemu ya 32 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza kwa makini yale ambayo naibu hawezi kuyafanya: hata anapokaimu, hana ruhusa ya kuteua wala kufuta mtu kazi kwa mamlaka ya gavana. Majukumu yake ya kila siku, hata hivyo, yameachwa kwa hiari ya mkubwa wake, ambaye anaweza kumpa idara aisimamie au akamnyima, na asiulizwe na yeyote.

Matokeo tumeyaona. Gavana James Ongwae na naibu wake, Joash Maangi, waliingia pamoja ofisini Kisii mwaka wa 2013, na muhula wa pili ukawakuta katika kambi mbili za siasa. Waliowafuata hawakudumu pamoja hata miaka miwili. Simba Arati na Robert Monda walichaguliwa Agosti 2022. Mwishoni mwa Februari 2024 madiwani walipiga kura ya kumtimua Monda, na Machi Seneti ikaunga mkono. Akawa naibu gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa njia hiyo. Miongoni mwa mashtaka ni kwamba alipokea pesa ili kumsaidia mtu kupata kazi katika Kampuni ya Maji na Usafi ya Gusii. Alikana. Hatuirudii kesi hiyo hapa. Tunachouliza ni kazi gani ya naibu gavana ambayo sheria ilikuwa imeiandika, ili mkazi wa Bobasi au Nyaribari ampime kwayo. Asiye na kazi iliyoandikwa hawezi kujitetea kwamba ameitimiza, wala huwezi kumshtaki kwamba ameitelekeza.

Nyamira nayo inajua jinsi cheo hiki kinavyoweza kugeuka ghafla. Gavana John Nyagarama alipofariki Desemba 2020, naibu wake, Amos Nyaribo, alirithi kiti. Novemba 2025 ikawa zamu ya Nyaribo mwenyewe kupigiwa kura ya kuondolewa na madiwani, na Seneti ikaitupa hoja hiyo mwezi uliofuata. Isingeitupa, naibu wake, James Gesami, angekabidhiwa bajeti, madeni ya wanakandarasi na orodha ya mishahara. Je, mtu wa kupokea mzigo huo anaweza kuwekwa kando ya vitabu vya kaunti kwa miaka mitano?

Wapo wanaopendekeza kura mbili, kila mmoja atafute kiti chake. Hatukubaliani nao. Gavana wa chama kimoja na naibu wa chama pinzani, kila mmoja akidai ametumwa na wananchi, wataigeuza bajeti moja kuwa uwanja wa vita. Kura ibaki moja. Kinachopaswa kugawanywa ni kazi. Tukiambiwa tena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, tutajibu kwamba methali hiyo imekuwa kisingizio cha kumnyima mtu majukumu huku akiendelea kulipwa.

Na kazi zipo tele. Mji wa Keroka umelalia mpaka wa kaunti hizi mbili, na kwa muda mrefu serikali zote mbili zimeng'ang'ania ushuru wake. Mama mboga anayetandaza gunia lake hapo asubuhi hana haja na ramani. Anataka kujua risiti ya nani ndiyo halali, asije akatozwa mara mbili kwa fungu lilelile la sukuma. Kampuni ya maji nayo inahudumia pande zote mbili. Hakuna anayefaa zaidi kuyashughulikia mambo haya kuliko manaibu wawili, Gesami na Elijah Obebo aliyemrithi Monda, wakiwa na barua za magavana wao mkononi na tarehe ya kuwasilisha ripoti kwa madiwani.

Kuandika barua hizo hakuhitaji sheria mpya. Arati na Nyaribo wana uwezo huo leo, na kutoutumia ni kukwepa wajibu. Manaibu nao wasijifiche nyuma ya malalamiko. Anayepewa kazi na kuigeuza jukwaa la kampeni hastahili huruma yetu. Madiwani, walioonyesha wepesi wa kuandaa hoja za kutimua, waonyeshe wepesi huohuo kudai ripoti. Nao maseneta Richard Onyonka na Okong'o Omogeni wapeleke mswada wa kurekebisha Sehemu ya 32, ili majukumu ya chini kabisa ya naibu yasitegemee urafiki wa watu wawili.

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na mazungumzo ya nani amchukue nani kutoka wapi yanaendelea. Kila anayeutaka ugavana wa Kisii au Nyamira atangaze, kabla ya kupeleka jina la mwenza wake kwa tume, idara atakayomkabidhi na siku atakayomkabidhi.