Ngome ya Merkel yaishia mikononi mwa AfD

ENEO bunge la Stralsund na kisiwa cha Rügen, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, lilimchagua Angela Merkel mara nane mfululizo kuanzia 1990, mwaka wa muungano. Hata hivyo, ngome hiyo ilikuwa yake binafsi kuliko ya chama chake, CDU. Alipostaafu mnamo 2021, Anna Kassautzki wa SPD alitwaa kiti kwa asilimia 24 pekee ya kura. Februari 2025, Dario Seifert wa AfD, chama kinachopinga wahamiaji, akakinyakua.

Wanaodai kwamba hilo lilizuka ghafla wamesahau 2017. Baada ya mzozo wa wakimbizi, kura za Merkel zilishuka kutoka asilimia 56 za 2013 hadi 44, na aliyemfuata alikuwa mgombea wa AfD.