Ikama Si ya Wakubwa Peke Yao

Kila mwaka vyuo vyetu hapa Tanzania vinatoa vijana waliosomea rasilimali watu. Wanajua kuandika barua ya onyo, kuandaa usaili na kutunza majalada. Waambie wapange mahitaji ya watumishi ya miaka 5 ijayo, wengi watashika kichwa. Wakongwe wa ofisini nao wana hoja zao za kuwaacha hivyo hivyo. Tuzipitie moja moja.

"Kupanga watumishi ni kazi ya wakubwa." Wakubwa husaini. Anayejua nani amehama, nani yuko masomoni na nani anakaimu mwaka wa tatu bila kuthibitishwa ni afisa utumishi wa ngazi ya chini, maana ndiye anayejaza majedwali ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika kwa kila kada. Akikosea yeye, mkurugenzi anasaini kosa. Basi huyo ndiye wa kufundishwa kwanza.

"Ni kuhesabu vichwa tu, hakuna cha kufundisha." Haya, tuhesabu. Wodi ya hospitali binafsi inataka wauguzi 2 wawepo usiku na mchana, siku zote. Asiyefundishwa atajibu haraka: zamu 3 mara 2, wauguzi 6. Lakini wiki ina saa 168. Kwa wauguzi 2 ni saa 336. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Gawa 336 kwa 45, unapata 7 na nusu hivi. Kisha kuna likizo ya mwaka ya siku 28, kwa hiyo kila muuguzi anapatikana wiki 48 kati ya 52. Ukiingiza hilo, hesabu inapita 8. Na hapo hujamgusa anayeugua, wala anayejifungua, mwenye haki ya siku 84. Wodi hiyo inataka wauguzi 9. Ukiajiri 6, pengo utalilipia kwa saa za ziada, na wagonjwa watalilipia kwa kuhudumiwa na mtu aliyechoka.

"Ya kesho anayajua Mungu." Ni kweli, ila tarehe za kuzaliwa zimo kwenye majalada. Kwa watumishi wa umma walio wengi, kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kwa hiari ni 55. Aliyezaliwa 1968 ataondoka 2028; hilo halihitaji ramli. Tazama na shule. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wamo kwenye mtaala mpya, na elimu yao ya msingi inaishia darasa la sita. Watamaliza 2027 pamoja na wenzao wa darasa la saba waliowatangulia. Januari 2028, makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Afisa utumishi atakayeanza kutafuta walimu siku hiyo atakuwa ameshtushwa na jambo lililotangazwa miaka kadhaa kabla.

"Siku hizi mfumo unafanya kila kitu." Mfumo unatunza ulichouingizia. Aprili 2017 Serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Mishahara walikuwa wakilipwa kama kawaida, hadi binadamu walipokaa na kuhakiki vyeti. Kompyuta hujumlisha; kuuliza kama kinachojumlishwa ni cha kweli ni kazi ya afisa.

"Hata upange vipi, kibali cha kuajiri hakitoki." Hoja hii ina uzito, na kijana asidanganywe kwamba mpango mzuri huleta fedha. Halmashauri inaweza kuomba walimu 40 ikapewa 12. Lakini hapo ndipo mpango unapohitajika zaidi: hao 12 waende wapi? Bila mpango watarundikana shule za mjini, huku shule ya pembezoni ikibaki bila mwalimu wa fizikia. Tena, kuhamisha mwalimu kutoka shule iliyozidi kwenda iliyopungukiwa, ndani ya halmashauri hiyo hiyo, hakusubiri kibali cha ajira mpya.

Kufundisha haya hakudai semina ya hotelini. Mpe mhitimu orodha halisi ya watumishi 30, yenye kada, kituo na mwaka wa kuzaliwa, pamoja na kikokotoo. Akuambie nani wataondoka ndani ya miaka 5, kazi gani itabaki bila mtu, na nani aanze kuandaliwa leo. Kisha mpeleke kituoni akajibu maswali ya mkuu wa shule au mganga mfawidhi.

Wakuu wa idara, mwaka wa fedha huanza Julai 1 na maandalizi ya ikama hutangulia miezi mingi. Mwiteni kijana mezani kabla jedwali halijafungwa. Akiitwa baada ya hapo, mtakuwa mmemfundisha kunakili.