Haki ya Kuuza Nyumba na Kuondoka

Kuna mwezeshaji alikuja kwenye semina ya vijana akatufundisha Amani ya Augsburg ya mwaka 1555. Eti ni mfano wa kuvumiliana: Wakatoliki na Walutheri wa Ujerumani walipigana, wakachoka, wakakaa mezani wakaelewana. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na leo nataka kuyarudisha makofi yangu.

Jamani, kwenye ile meza alikaa nani? Ferdinand, mdogo wake Kaisari Karl wa Tano, pamoja na watawala wa majimbo na wajumbe wao. Wakakubaliana mtawala achague, Ukatoliki au Ulutheri, na watu wa jimbo lake wamfuate. Mkulima hakuulizwa. Wafuasi wa Calvin na Waanabaptisti waliachwa nje kabisa.

Na asiyeitaka dini ya mtawala wake? Huyo alipewa haki: auze mali yake, achukue mke na watoto, ahame. Haki hiyo inasifiwa sana vitabuni, kwamba ni afadhali kuliko kuchomwa moto. Kweli, ni afadhali. Lakini sisi wa hapa kambini tunajua kuuza kwa haraka kukoje. Jirani akishajua unaondoka, bei anapanga yeye. Baba yangu aliuza mbuzi wanne kwa bei ya mmoja, na bado akasema asante. Tena kule Ujerumani, palipokuwa na desturi hiyo, mtu alilipa ushuru wa kuondoka, na mkulima aliyekuwa mali ya bwana wake alitakiwa kujikomboa kwanza. Yaani unafukuzwa na unalipia.

Najua nitajibiwa kwamba mapatano yale yalizuia vita kubwa ya dini Ujerumani kwa miaka zaidi ya 60. Sawa, siyo kitu kidogo, na aliyekimbia risasi hawezi kukidharau. Ila ugomvi wa mali za Kanisa haukuisha, na wale wa Calvin walingoja hadi 1648 ndipo wakatambuliwa kisheria, baada ya vita ya miaka 30.

Mwezeshaji, ukija tena, njoo na kile kipengele cha kuhama tukisome wote, polepole. Halafu umjibu yule mama aliyekaa nyuma, uliyemwambia muda umeisha. Alikuuliza kitu kimoja tu: hizo nyumba zao, alizinunua nani?