Video ya kambini isiruke-ruke

Mara mingi vijana wa kambini wananitumia video za simu: foleni kwenye bomba la maji, shiti iliyopasuka, mama akionyesha unga uliooza. Nusu yake siwezi kuitumia. Picha inaruka, mtu hajulikani, mahali hapajulikani. Kisha kunatokea mtu wa kusema hiyo video ni ya uongo, haikupigwa hapa, na sisi tunakosa cha kumjibu.

Wenzangu fulani wanasema video ya kutetemeka ndiyo ya kweli. Mimi nakataa. Mtu anayekimbia risasi, nani atamuuliza sababu ya mkono kutetemeka? Lakini foleni ya maji inadumu saa mbili. Hiyo nayo iruke kwa nini?

Hapa Goma tunatembea juu ya mawe ya volkano, kila hatua simu inatikisika. Dawa yake ni uzito. Mmarekani Garrett Brown alitumia akili hiyo miaka ya 1970 alipotengeneza Steadicam: kamera juu, uzito chini, mkono unashika karibu na katikati. Kitu chenye uzito kwenye ncha zote mbili hakigeuki upesi.

Changu ni kijiti cha sentimita 40 kilichobaki kwa fundi wa chukudu. Juu nilifunga simu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, chini chupa ndogo yenye mchanga. Nikakilaza juu ya kidole mpaka kikalingana, nikafunga kitanzi cha kamba juu kidogo ya pale, upande wa simu. Unashika kitanzi, vidole viwili vya mkono mwingine vinaongoza tu. Kikianguka upande, ongeza mchanga. Ukizidisha, kinabembea kama kengele. Siku ya kwanza nilikasirika, bana, karibu nikitupe.

Tafadhali, vijana, musitumie bomba la chuma. Kwa mbali askari ataona bunduki, na hatangoja maelezo. Tumieni mti, na mukifika kwenye kizuizi kiwe kimefunguliwa, simu mfukoni.

Mukianza kupiga, semeni tarehe na mahali, muonyeshe kwanza kitu ambacho wenyeji wanakijua: mlima, shule, kanisa. Na mama akikataa sura yake ionekane, pigeni mikono yake na ule unga.