MAONI: DAFTARI LA MIZANI LIRUDI

Ndugu wanachama,

Juzi orodha ya malipo ya ufuta haikubandikwa, maneno yakaanza: "Wameshakula hao!" Hapana jamani. Kila karani alipobonyeza kuchapa, Excel ilijifunga yenyewe, na kilo alizoingiza asubuhi bila kuhifadhi zikapotea.

Mimi nilikuwepo. Tulijaribu jedwali jingine dogo, nalo likazima vilevile. Basi ugonjwa haukuwa kwenye hesabu zetu. Kabla ya kuchapa, Excel huiuliza programu inayoongoza printa ukubwa wa karatasi; hiyo ikiwa mbovu, Excel nayo huanguka. Tukachagua kutoa faili la PDF badala ya printa, ikakubali! Flashi ikaenda Ruangwa mjini kuchapwa. Ile programu ya printa tukaifuta na kuiweka upya.

Ugomvi wangu ni mwingine. Tangu kompyuta ije, daftari la mizani limeachwa. Kwa nini? Karani ahifadhi kila amalizapo mkulima mmoja, na daftari liandikwe palepale mizanini, mwenye gunia akiona. Nitalisema kwenye mkutano mkuu. Anayepinga aje na hoja.

Mimi mwanachama mwenzenu.